Tulipokuwa Wenye Umeme

Hapa Mtunda, Kibiti, nikisema niliwahi kuwa na shirika la umeme, wajukuu hucheka na wakubwa wao hutazama pembeni kwa adabu. Mwalimu mstaafu, mjane, nyumba ya bati yenye taa nne: shirika la umeme kalitoa wapi? Lakini ndivyo. Mwaka 1994, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huko Urambo, mkoa wa Tabora, nililipa kiingilio na hisa, nikaandikwa mwanachama wa chama cha ushirika cha watumiaji umeme. Wataalamu waliokuwa wakija kukitazama walikiita UECCO. Sisi tulikiita chama tu, na umeme wake tuliuita umeme wetu, hata siku zile tulipokuwa tukiulaani.

Enzi hizo mwalimu alikwenda alikopangwa. Mtoto wa Rufiji, niliyekulia kwenye mto, minazi na mikorosho, nikapanda treni ya Kigoma nikashushwa na mizigo yangu katika nchi ya miombo na tumbaku. Urambo ni mji wa Mtemi Mirambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliufanya mmoja wa vituo vya mradi wao mkubwa wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zikakataa, mradi ukafungwa mwaka 1951, na kilichobaki kikawa tumbaku. Nataja hayo kwa sababu wazee wa Urambo walikuwa nayo kichwani. Walikwisha kuona miradi mikubwa ikija na matrekta na kuondoka. Ulipokuja huu wa umeme, swali lao la kwanza lilikuwa: nani atabaki nao?

Jibu lilikuwa kwamba tutabaki nao wenyewe. Fedha za kuanzia zilitoka Sweden kupitia shirika lake la misaada, Sida, utafiti ukafanywa na taasisi ya mazingira ya Stockholm, na mafundi na wahandisi wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, wakasaidia kuuweka mtandao sawa. Lakini mashine zikishaanza kunguruma, dizeli, mishahara ya waendeshaji, vipuri na mikebe ya oili vilikuwa juu yetu. Tulianza wateja 67. Siku umeme ulipowashwa watu walitoka nje kutazama balbu za majirani, kana kwamba za kwao haziwatoshi.

Kwa nini TANESCO yenyewe haikuja kutuunganisha? Jambo hili nilielezwa mkutanoni na mhandisi mmoja, na sijalisahau, maana lilinifumbua macho. Bei ya TANESCO ilikuwa moja nchi nzima. Mtu wa Dar es Salaam aliyetumia umeme wa maji wa Kidatu au Mtera alilipa bei ileile anayolipa mtu wa mji wa mbali anayewashiwa kwa dizeli iliyosafirishwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila mji mdogo wa dizeli ulikuwa hasara: kadiri unavyowasha taa nyingi ndivyo unavyozidi kupoteza. Shirika gani litakimbilia kuongeza miji ya namna hiyo? Sisi tungeweza kungoja gridi, na wengine walingoja miaka mingi baada ya hapo.

Ushirika haukuwa na Dar es Salaam ya kubeba hasara yake. Bei ilibidi ilipe dizeli, basi. Na hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa nikisimulia, kwa sababu wanadhani umeme wa ushirika ulikuwa rahisi. Kwa yuniti moja, ulikuwa ghali kuliko wa TANESCO, tena kwa mbali. Lakini ankara ya mwezi ililipika. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya kila siku.

Nichukue nyumba yangu. Nilikuwa na balbu mbili za wati 40. Umeme uliwashwa magharibi ukazimwa watu wanapokwenda kulala, kama saa nne hivi za mwanga kila jioni. Piga hesabu: balbu mbili, saa nne, siku thelathini, hazifiki yuniti kumi kwa mwezi. Hata yuniti ikiwa ghali, kumi ni kumi. Kabla ya hapo nilikuwa na chemli moja na koroboi mbili, na mafuta ya taa nikiyanunua dukani kwa chupa, kidogo kidogo, hivi kwamba hukujua mwisho wa mwezi yamekula kiasi gani. Watoto waliamka na masizi puani. Koroboi inatumia mafuta usiku kucha na mwanga wake hautoshi kusoma kitabu; balbu ya wati 40 ilitosha kwangu kusahihisha madaftari ya darasa zima huku watoto wakisoma meza ileile. Ukilinganisha mwanga kwa mwanga, koroboi ndiyo iliyokuwa ghali.

Pasi nilibaki na ya mkaa. Friji sikuwa nayo, wala sikuiota.

Kwa nini saa nne tu? Hilo lilizua maneno kila mkutano. Mwenye gesti alitaka umeme wa kutwa. Fundi wa kuchomelea naye alitaka mchana. Mhudumu wa mashine alisimama na kueleza kitu ambacho leo ningekiweka katika mtaala wa shule. Mashine ya dizeli ikibeba mzigo wa kutosha, lita moja hutoa yuniti tatu au zaidi. Ikibeba mzigo mdogo, kama mchana ambapo watu wako shambani na taa zimezimwa, inaendelea kunywa mafuta mengi kuliko kazi inayofanya, na lita moja haitoi hata yuniti mbili. Kwa hiyo saa za mchana zingepandisha bei ya kila mtu ili watu wachache wapate nafuu. Baada ya maelezo hayo mikono ikainuliwa kupiga kura. Saa zikabaki za jioni. Mwenye gesti alinung'unika, lakini alinung'unika akiwa anajua sababu, na kwa maoni yangu hapo ndipo siri yote ilipo.

Lipo daftari moja ningependa mlione, maana kwangu lilikuwa na thamani kuliko mashine. Lilikuwa kaunta buku la kawaida, jalada gumu, pembe zimelainika kwa oili. Kila jioni kabla ya kuwasha, mhudumu alichovya kijiti kirefu ndani ya tangi, akakitoa, akasoma mahali dizeli ilipofika, akaandika. Baada ya kuzima akachovya tena. Pembeni aliandika yuniti zilizotoka kwenye mita ya mashine. Mwisho wa mwezi karani alijumlisha yuniti zilizosomwa kwenye mita za nyumba. Namba zikawa tatu: dizeli iliyoingia, yuniti zilizotoka, yuniti zilizolipiwa. Mwanachama yeyote aliyejua kutoa na kujumlisha aliweza kuona kama dizeli imetembea kwa miguu, au kama kuna waya mahali unaonyonya bila mita.

Na waya wa wizi ulikuwa unajulikana upesi. Ukichepusha umeme wa shirika kubwa la taifa, unajiambia unaiibia serikali, na serikali haina sura. Ukichepusha wa chama, unamwibia mama muuza maandazi aliyekaa mbele yako mkutanoni, kwa kuwa yuniti usiyolipia wewe atailipia yeye katika bei ya mwezi ujao. Miaka ile mashirika mengi ya umeme Afrika yalikuwa yakipoteza sehemu kubwa ya yuniti zao kwa uchakavu wa njia na wizi. Kwenye mtandao mfupi wenye majirani wanaotazamana, nafasi ya kupoteza kiasi hicho ni ndogo. Punguza upotevu, na bei imepungua bila mtu kutoa ruzuku.

Sitaki mwone kwamba ilikuwa pepo. Tumbaku hulipwa kwa msimu, na mshahara wa mwalimu nao ulikuwa na tabia ya kuchelewa. Dizeli haingoji msimu wala mshahara. Asiyelipa alikatwa. Mimi mwenyewe nilikatwa, wiki ile mshahara ulipochelewa, na fundi aliyepanda nguzo kunikata alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Alinisalimia "shikamoo mwalimu" akiwa juu ya ngazi, akakata, akashuka, akaniuliza maendeleo ya mtoto. Nikamjibu. Ningefanya nini? Sheria ile tuliipitisha wote, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa. Zilikuwepo pia siku za kuharibika, kipuri kikasubiriwa kutoka mbali na mji ukarudi gizani. Zilikuwepo siku dizeli ilipanda, bei ikapandishwa, na mkutano ukawaka moto. Lakini mkutano ulikuwapo. Na wateja hawakukimbia: kufika mwaka 2002, nilikwisha kurudi Pwani, nilisikia wamefika kama 250. Watafiti waliandika juu ya chama chetu katika majarida ya nje, wakieleza jambo ambalo kwetu halikuwa la ajabu, kwamba watu wa kijijini wako tayari kulipa zaidi kwa umeme wanaousimamia. Leo Urambo iko kwenye gridi ya taifa kama kwingine.

Nilihamishiwa nyumbani muda mfupi baada ya mafuriko ya El Niño, yale yaliyokata barabara zetu hadi watu wakasahau rangi ya basi la Dar. Mtunda ilikuwa giza lilelile. Kibiti wakati huo haikuwa wilaya. Sote tulikuwa Rufiji. Nilipotulia nikawaendea wazee barazani, nikawasimulia Urambo: kijiti, daftari, saa za jioni. Walinisikiliza vizuri, wakanywa kahawa, kisha mmoja wao, marehemu sasa, akaniambia: "Mwalimu, ushirika tunaujua."

Hakuhitaji kuendelea. Watu wa korosho wana kumbukumbu ndefu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1982, na katika kuvunjwa na kurudishwa huko fedha za wakulima zilipita mikono mingi. Huku kwetu kila nyumba ilikuwa na hadithi ya magunia yaliyopimwa na malipo ya pili yasiyofika. Mwingine akauliza, kwa haki kabisa, nani atalipa umeme kati ya msimu wa korosho na msimu mwingine. Halafu nyumba zetu zimetawanyika. Vijiji vya ujamaa viliwatoa watu bondeni na kuwapanga kando ya barabara, lakini wengi walirudi polepole kwenye mashamba ya mpunga, na nguzo kumi za kuifikia nyumba moja si jambo la mchezo. Urambo ilikuwa mji wenye maduka, hospitali na wafanyakazi wa serikali wamekaa karibu karibu. Ushirika wa umeme unahitaji watu waliokaribiana, kwa nyumba na kwa imani. Sisi tulikuwa mbali kwa vyote viwili. Sikulisukuma.

Mwaka 2004 bomba la gesi ya Songo Songo likaanza kupeleka gesi Ubungo. Lilipita ardhini katika wilaya yetu, likienda kuwasha Dar es Salaam, na juu yake sisi tukiendelea na koroboi. Kijana mmoja alinambia kwamba usiku akilaza sikio chini anasikia umeme wa watu wengine ukipita. Uongo, lakini uongo mtamu.

Mambo yalibadilika polepole. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na miaka iliyofuata gharama ya kuunganishwa kijijini ikashushwa mara mbili: kutoka zaidi ya shilingi laki nne hadi 177,000 mwaka 2013, kisha kwenye miradi ya REA hadi 27,000. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuingiza wengi. Sehemu ya fedha yake hutokana na tozo anazolipa kila mnunuzi wa umeme na mafuta nchini, yaani mtu wa Urambo sasa anachangia nguzo ya Mtunda na wa Mtunda anachangia ya Urambo. Huo nao ni ushirika wa namna yake, ila hauna mkutano mkuu.

Kuhusu bei, nisiwe mnafiki. Nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na kodi na tozo zikiingia inakuwa 122. Urambo hatukuwahi kuiota bei hiyo. Tena umeme uko mchana na usiku, na sasa nina pasi, friji na feni. Lakini vuka ile 75, yuniti zinazozidi zinaruka hadi 350 kabla ya kodi; ukizoea kuvuka, unahamishiwa kundi jingine ambalo kila yuniti, tangu ya kwanza, inakugharimu shilingi 356. Nyumba ya bibi na babu wawili inabaki kwenye 122 bila shida. Nyumba ya wapangaji watano wenye mita moja ya LUKU, ambao kila mmoja anatumia kidogo tu, inavuka na kulipa bei ya tajiri. Nimemwona jirani yangu, mama lishe, akigawa yuniti kwa wapangaji wake kwa kalamu ukutani kama mgao wa sukari wa mwaka 1982. Juu yake kuna kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500. Naunga mkono kodi. Ninachouliza ni mkutano gani uliopanga kwamba mstari uwe 75 na si 100, na kwamba uhesabu mita badala ya familia. Mjukuu wangu ananijibu: "Bibi, wewe weka tokeni."

Na sasa mto wetu wenyewe unazalisha. Bwawa la Julius Nyerere, pale Stiegler's Gorge tulipoambiwa tangu utotoni kwamba patajengwa, lina mitambo tisa na megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Umeme wake husafiri kwanza kwenda Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, ndipo uingie gridini na kurudi kwa wenye mto kama kwa mtu mwingine yeyote. Sioni kosa katika hilo. Maji ni ya nchi nzima.

Ninaowafikiria ni ndugu zetu wa visiwa vya delta, kule ambako nguzo inapaswa kuvuka mikono ya mto na mikoko. Huko gridi haitafika kesho. Kitakachofika ni mitambo midogo ya jua na betri, na tayari nchini ipo, mingi ikiwa ya kampuni binafsi. Kampuni hizo zilikuwa zikiuza yuniti kwa bei mara nyingi zaidi ya TANESCO, watu wakalalamika, na mwaka 2020 serikali ikaelekeza waiuze kwa shilingi 100. Wateja wakashangilia. Lakini betri inazeeka iwe bei ni 100 au 2,000, na mtu fulani lazima anunue nyingine. Kampuni na wateja wote walikosa kile tulichokuwa nacho Urambo: chumba ambamo mlipaji na mwenye hesabu ni mtu mmoja.

Haya si mambo ya Urambo peke yake. Ludewa, kule Mawengi, wanakijiji wanauza na kununua umeme wa maporomoko yao kupitia jumuiya yao ya LUMAMA. Uganda waliunda vyama vya ushirika vya umeme Bundibugyo, Kyegegwa na Pader. Marekani yenyewe, ambayo vijana wetu wanadhani ilizaliwa na taa, mwaka 1935 ilikuwa na umeme katika shamba moja tu kati ya kumi hivi. Kampuni zilisema wakulima hawalipi, wakulima wakaunda vyama vyao kwa mikopo ya serikali, na leo vyama hivyo vinakaribia 900. Faida ikibaki, hurudishwa kwa mwanachama kulingana na umeme aliotumia.

Kwa hiyo neno langu kwa watu wa delta, na kwa maofisa ushirika wa Kibiti ambao baadhi yao niliwafundisha kuhesabu. Mkiletewa mtambo, msianze na nguzo wala sherehe ya kukata utepe. Ulizeni betri itanunuliwa kwa fedha ipi na ya nani. Ulizeni mkutano utakuwa lini na akidi ni watu wangapi. Daini daftari: umeme ulioingia, uliotoka, uliolipiwa, lisomwe mbele ya watu kila mwezi na likaguliwe na mtu wa nje kila mwaka. Mkikubaliwa, kubalini bei inayolipa gharama hata kama inauma kidogo. Wakikataa kuwaonyesha daftari, msitie saini.